Kufuli Si Hukumu
Hotuba ya afisa wa ushirikiano na jamii kwa wakazi wa Kamembe, wilaya ya Rusizi



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo halitangazwi redioni, lakini huvuruga maisha ya familia nyingi kila mwisho wa mwezi. Mpangaji hurudi jioni kutoka ng'ambo, akakuta kufuli jipya mlangoni. Simu ikiita kituoni, aghalabu husikika sauti mbili kwa pamoja. Ya kwanza husema: "Afande, nimefungiwa nje, watoto wako barazani." Ya pili, kutoka nyuma, husema: "Afande, mtu huyu ana deni langu la miezi 3." Na mara nyingi sauti zote mbili husema kweli. Mpangaji anadaiwa, na mpangaji amefungiwa. Wengi hudhani kwamba ukweli wa kwanza unahalalisha wa pili. Sivyo, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi leo.

Deni la kodi ni deni. Halifutwi na machozi wala na huruma ya askari, na mpangaji anayedhani polisi watamsaidia kuishi bure katika nyumba ya mwenzake amekuja mahali pasipo pake. Lakini sheria haikumpa mdai ruhusa ya kujilipa kwa mkono wake mwenyewe. Sheria ya mikataba ya nchi yetu, namba 45/2011 ya tarehe 25 Novemba 2011, inasema katika kifungu cha 64 kwamba mkataba uliofungwa kihalali huwabana wote walioufanya. Hauvunjwi ila kwa ridhaa yao au kwa sababu zinazokubaliwa na sheria. Na kila upande sharti uutekeleze kwa nia njema. Mpangaji asiyelipa ameukiuka mkataba. Mwenye nyumba anayetia kufuli naye ameukiuka, tena amejifanya mdai, hakimu na mtekelezaji wa hukumu kwa wakati mmoja.

Juu ya sheria hiyo imo Katiba, ambayo kifungu chake cha 23 kinalinda faragha ya mtu, familia yake na makao yake. Makao ya mtu hayaingiliwi ovyo. Nasikia wenye nyumba wakijibu: "Lakini nyumba ni yangu, hati ya ardhi ina jina langu." Ni kweli, na hakuna anayeipinga hati hiyo. Ila hati ya ardhi hueleza mali ni ya nani. Haielezi nani hulala humo, nani amepika humo asubuhi, na nguo za nani zimeanikwa uani. Siku ulipopokea kodi ya kwanza na kukabidhi ufunguo, uliyakubali makao ya mtu mwingine ndani ya mali yako. Huwezi kuyafuta makao hayo kwa kufuli la dukani.

Kwa nini jambo hili lina uzito wa pekee hapa kwetu? Kwa sababu Kamembe ni mji wa kuvuka. Mama anayeuza sambaza au mboga Bukavu huondoka alfajiri kupitia Rusizi ya Kwanza au Rusizi ya Pili, akarudi jioni na faida ya siku hiyo. Faida hiyo ndiyo chakula, ndiyo ada ya shule, ndiyo kodi. Sasa mfungie mlango, na ndani mwake kumebaki kitambulisho chake, hati yake ya kuvukia mpaka, beseni lake na mtaji wake uliofungwa katika kitambaa. Kesho hawezi kuvuka. Kesho kutwa hana cha kuuza. Mwenye nyumba aliyetaka alipwe amekifunga chumbani kitu pekee ambacho kingemlipa. Tuliliona jambo hili kwa ukubwa mwaka 2020, mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona na biashara ndogo ndogo ikasimama: kodi zilikwama kwa sababu njia ilikwama. Kufuli la mwenye nyumba hufanya kazi ile ile, ila kwa mtu mmoja mmoja.

Kwa hiyo niseme wazi juu ya vitambulisho. Kitambulisho cha mtu si dhamana ya deni. Mwenye nyumba asikichukue siku ya kupangisha kwa kisingizio cha kumfanya mpangaji asitoroke, wala asikizuie siku ya ugomvi. Hivyo hivyo pasipoti ya mgeni, hivyo hivyo vitabu vya shule vya watoto na dawa za mgonjwa. Askari akifika mahali na kukuta mgonjwa wa kisukari ametenganishwa na dawa zake kwa kufuli, hatajadili kodi kwanza.

Na kufuli si njia pekee. Wapo wanaojua kwamba kufunga mlango kutaleta maneno, basi huchagua njia ya kimya. Mita ya Cash Power iko upande wa mwenye nyumba, umeme ukiisha hanunui tena, ingawa mpangaji ametoa mchango wake. Mfereji wa uani hufungwa. Mlango wa choo cha pamoja hutiwa ufunguo. Wengine huondoa bati mbili tatu msimu wa mvua, wakidai kwamba wanafanya ukarabati. Nanyi mnaijua mvua ya Rusizi. Yote hayo yana jina moja: kumfukuza mtu bila kumwambia "toka". Usipumbazwe na ukimya wake.

Ni nani basi mwenye uwezo wa kumtoa mpangaji asiyetaka kutoka? Jibu ni fupi: mahakama, kupitia mtekelezaji wa hukumu, yule tunayemwita kwa Kinyarwanda umuhesha w'inkiko. Huyo huja na hukumu iliyotiwa kashe mpuruza, ule muhuri unaoifanya hukumu itekelezeke kwa nguvu za dola. Mwombe akuonyeshe. Ni haki yako kuusoma au kusomewa. Na hata yeye hana ruhusa ya kubeba kila kitu. Sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai, namba 22/2018, ina vitu ambavyo havikamatwi kwa deni, kama vile nguo na matandiko ya mdaiwa.

Hapa kuna jambo ambalo huwachanganya wengi, na naona baadhi ya viongozi wetu wamekaa mbele, hivyo watanisamehe. Katibu mtendaji wa akagari na wa umurenge ni miongoni mwa watekelezaji wa hukumu wasio wa kitaaluma. Kwa sababu hiyo mwenye nyumba humpigia simu akisema: "Njoo unitolee mtu." Lakini katibu mtendaji huvaa kofia hiyo pale tu anapokuwa na hukumu mkononi. Bila hukumu, yeye ni kiongozi mwenye wajibu wa kusuluhisha, si wa kubeba magodoro. Vivyo hivyo kwa DASSO, kwa wana irondo wanaolinda usiku, na kwa sisi polisi. Askari asiye na agizo la mahakama hasimami mlangoni ili mwenye nyumba apate kutoa vyombo kwa utulivu. Akisimama hivyo, amekodishwa. Mkimwona afisa wa polisi anafanya hivyo, namba ya kulalamikia mwenendo wa askari ni 3511, na simu haina malipo.

Sasa tuseme limekufika. Umerudi, mlango umefungwa. Usivunje kufuli. Najua inauma kuambiwa hivyo wakati mtoto analia, lakini ukilivunja, kesho utaulizwa juu ya kufuli na mlango, na habari ya kufukuzwa itasahaulika. Pia usimfuate mwenye nyumba peke yako ukiwa na hasira. Mwite kwanza mkuu wa umudugudu na jirani mmoja au wawili waone kwa macho yao. Piga picha ya mlango, na ya vyombo kama vimetupwa nje. Andika saa. Kama kuna vitisho, kupigana, au mtu aliye hatarini, piga 112 na polisi watakuja.

Tukija, tutafanya nini? Tutazuia ugomvi. Tutamweleza mwenye nyumba kwamba alichofanya hakina msingi wa kisheria, na kumtaka afungue mlango, hususan ili watoto, dawa na hati vitoke au virudi mikononi mwa mwenyewe. Wengi hufungua hapo hapo. Si kwa kuogopa bunduki, bali kwa sababu ni mara ya kwanza wanaambiwa jambo hilo na mtu asiye na upande. Hatutapiga hesabu ya kodi. Hatutaamua nani amedanganya juu ya risiti ya mwezi wa tatu. Hiyo si kazi yetu, na askari anayeigeuza kuwa kazi yake huwa amempendelea mmoja.

Ikiwa katika kukufungia mwenye nyumba amekupiga, amechukua fedha zako au ameharibu vitu vyako, hilo si suala la mkataba tena. Ni jinai, na malalamiko hupelekwa kwenye ofisi ya upelelezi, RIB, ambayo namba yake ni 166. Wapo wazee ambao bado huja kituoni kwetu kufungua jalada kama zamani. Upelelezi umehamia RIB, hatukufukuzi, tunakuelekeza.

Suala la mkataba lenyewe huanzia kwa abunzi. Kamati ya abunzi ya akagari, kwa mujibu wa sheria namba 37/2016, husikiliza migogoro ya mikataba ambayo thamani yake haizidi faranga milioni 3, na kodi nyingi za vyumba vya Kamembe haziukaribii mpaka huo. Abunzi ni majirani walioaminiwa na jamii, na hawatozi malipo. Asiyeridhika na uamuzi wao hupanda kwa abunzi wa umurenge, na baada ya hapo huenda Mahakama ya Mwanzo ya Kamembe. Mikataba ya kibiashara haimo katika uwezo wao, hivyo mwenye duka lililofungwa afuate njia nyingine. Kwa hilo, na kwa lolote lisiloeleweka, ipo ofisi ya MAJ ya wilaya, ambako wanasheria hutoa ushauri bure. Waulize pia juu ya ombi la dharura mahakamani. Mtu anayelala nje hawezi kungoja shauri lote limalizike, na sheria ya mwenendo wa mashauri inalijua hilo. Ina mlango wa mambo ya haraka.

Mtaniuliza: ushahidi utoke wapi, ilhali tulipatana kwa mdomo? Mapatano ya mdomo ni mapatano, lakini ni mepesi kama unga wa muhogo mbele ya upepo. Kodi ikilipwa kwa mkono bila risiti, mwenye nyumba asiye mwaminifu atasema hajalipwa, na mpangaji asiye mwaminifu atasema amelipa. Lipa kwa simu, na ujumbe wa malipo usiufute. Ukilipa taslimu, hata daftari la mtoto linatosha: tarehe, kiasi, mwezi unaolipiwa, saini za wawili. Andikeni pia siku ya kulipa, muda wa notisi, hali ya chumba siku ya kuingia, na kiasi cha dhamana kama ipo. Mstari wa notisi ndio ambao husahaulika zaidi, na ndio unaokuja kutafutwa kwa tochi siku ya ugomvi.

Baadhi ya wenye nyumba hukataa kuandika kwa sababu wanaogopa kodi ya mapato ya upangishaji. Lugha yetu ina utani wake: kodi anayolipa mpangaji na kodi inayodaiwa na serikali zina jina moja, na mtu akiikimbia ya pili hujikuta hana ushahidi wa kuidai ya kwanza. Mwenye nyumba mwenye mkataba ulioandikwa yuko katika nafasi nzuri mbele ya abunzi kuliko mwenye kufuli kubwa.

Kuhusu lugha, neno moja. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na katika Kamembe na Bugarama kilizungumzwa kabla hakijapewa cheo hicho. Hata hivyo watu wengi hutia saini mikataba ya Kifaransa au ya Kinyarwanda wasiyoielewa vyema, kwa kuona haya kuomba wafafanuliwe. Omba. Anayekataa kukusomea mkataba kabla ya saini atakuwa mgumu zaidi baada yake.

Niwageukie sasa wenye nyumba, maana sikuja kuwasema tu. Wengi wenu si matajiri. Najua wajane wanaoishi chumba kimoja na kupangisha viwili, na kodi hizo mbili ndizo zinazowalisha. Mpangaji anapokaa miezi 4 bila kulipa, huku akijibu kwa kiburi, mnaumia kweli. Njia yenu ni hii: mwandikieni notisi, ikitaja deni na muda wa kulipa au kuhama, na nakala mbaki nayo, ikikataliwa, mkuu wa umudugudu aishuhudie. Kaeni naye mbele ya abunzi. Mapatano ya kulipa kidogo kidogo yakiandikwa huko, yana nguvu kuliko ahadi za uani. Akikaidi, nendeni mahakamani. Ni njia ndefu kuliko kufuli, sikatai. Lakini mwenye kufuli hugeuka kutoka mdai akawa mdaiwa: hudaiwa fidia ya vitu vilivyoharibika na siku za biashara zilizopotea, na deni lake la halali huzama humo.

Limebaki suala la majirani zetu wa ng'ambo. Wapo Wakongomani na Warundi wanaopanga kwetu, na wapo Wanyarwanda wanaopanga Bukavu. Kwa hao wa kwanza, tishio hubadilika sura: "Ukilalamika, nitakuitia watu wa uhamiaji." Mgeni aliyeko nchini kihalali anafurahia haki zote isipokuwa zile ambazo sheria imewatengea raia, na kulala kwa amani katika chumba alichokilipia hakumo katika zilizotengwa. Aziweke hati zake sawa, ajiandikishe katika umudugudu kama desturi yetu ilivyo, kisha aje kulalamika kichwa juu. Mwenye nyumba anayejua kwamba mpangaji wake hana hati, akanyamaza miezi 6 akila kodi, halafu akazikumbuka siku ya ugomvi, naye ana maswali ya kujibu.

Kwa wanaopanga upande wa Kongo, ipo sheria mahsusi, namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji usio wa kibiashara. Inaweka kikomo cha dhamana ya nyumba ya kuishi kuwa kodi ya miezi 3. Hivyo mwenye nyumba wa Kadutu au Ibanda anayedai miezi 6 anadai zaidi ya sheria yake. Ugomvi huanzia kwenye idara ya makazi kwa usuluhishi, kisha mahakama ya amani. Polisi wa Rwanda hatuna uwezo ng'ambo ya mto. Tusilaumiwe kwa mlango uliofungwa Nyawera. Na wenye ndugu Uganda wajue kwamba sheria ya huko ya mwaka 2022 imekataza waziwazi kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, na imezuia kupandisha kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka.

Namba nilizozitaja zitabandikwa kwenye ubao wa akagari: 112 kwa dharura, 166 kwa RIB, 3511 kwa malalamiko dhidi ya askari. Nimeambiwa pia kwamba miongoni mwenu kuna mtu ambaye mlango wake umefungwa tangu juzi. Asilazimike kusimama mbele ya watu wote. Nitabaki hapa pamoja na mkuu wa umudugudu baada ya mkutano, na tutakwenda naye mlangoni leo hii. Wengine, karibuni kwa maswali.